Magazeti yasomeke kwa masikio pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwaeleze wasomaji wenzangu, hasa wazee ambao macho yao yamechoka na wenzetu wasioona, kuhusu programu za simu zinazosoma maandishi kwa sauti. Hapa Tabora nimesikia wengi wakizikataa kwa madai kwamba zinatamka Kiswahili kama mtalii, ilhali mara nyingi simu imeachwa katika sauti ya Kiingereza. Kwenye simu za Android, mtumiaji aingie kwenye mipangilio, atafute sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, achague Kiswahili na kupakua sauti yake, ambayo baadaye husoma hata pasipo intaneti. Hapohapo atarekebisha kasi, na uzito au wembamba wa sauti. Kasi ndiyo yenye tofauti kubwa: anayeanza aipunguze, kwani waliozoea husikiliza kwa mwendo ambao sisi wengine hatuambulii neno. Zipo pia programu zinazoruhusu kuandika matamshi mbadala, ili "n.k." isomwe "na kadhalika".

Hata hivyo, hakuna mpangilio utakaosaidia sana pale gazeti linapowekwa mtandaoni kama picha ya ukurasa, kwa sababu programu hizo husoma maandishi, si picha, na zile zenye uwezo wa kutambua herufi ndani ya picha mara nyingi huchanganya safu za gazeti ovyo. Nakuomba, Mhariri, habari zenu, pamoja na barua hizi za wasomaji, zitolewe pia kama maandishi ya kawaida.

Msomaji wenu,
Tabora