Shoga, wamempekua mdogo wangu barabarani

Shoga yangu,

Salaam nyingi, wazima huko? Sisi alhamdulillahi, mama na magoti yake yaleyale ila akusalimu sana na ule mkeka bado auulizia. Najua nimekunyamazia tangu Idi, nisamehe, leo naandika kwa sababu usingizi umekataa kabisa.

Mdogo wangu alikuwa atoka Malindi Jumapili, matatu ya jioni. Njiani polisi wakasimamisha gari, abiria wote chini. Hakuna askari wa kike hata mmoja. Mmoja wa wale wanaume akachukua mkoba wake akaumwaga wote juu ya boneti, kitana, pedi, risiti za chuo, watu wamesimama waangalia, kisha akampapasa kiunoni juu ya buibui. Juu ya hayo akadai simu na paswadi, akasoma WhatsApp yake palepale, hata meseji za mchumba wake. Hakupata kitu, akamwambia haya panda gari.

Shoga, yaani tangu siku hiyo ule mkoba hajaugusa. Uko nyuma ya mlango.

Mimi nimekaa na sheria mpaka alfajiri. Polisi ana ruhusa kukupekua barabarani bila waranti, hilo nimeliona, kifungu cha 26 cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, lakini lazima awe na sababu ya maana ya kukushuku una kitu cha wizi au ulichokipata kinyume cha sheria. Akushuku wewe mwenyewe, si abiria wote tu! Na kifungu kinachofuata, cha 27, ndicho kilichoniliza, mwanamke akibidi kupekuliwa apekuliwe na mwanamke mwenzake na heshima yake ichungwe sana. Imeandikwa wazi hivyo, na mtoto wetu hakujua, wala mimi sikujua, na ule umati wote uliokuwa pale hakuna aliyefungua mdomo.

Mjomba asema labda walitafuta bangi. Sawa, watafute, lakini bangi haikai ndani ya meseji. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda mwili wako, nyumba yako, vitu vyako na mawasiliano yako pia, sasa ile simu aliifungua kwa sheria gani? Hilo ndilo linanikaba, kwa sababu paswadi aliitoa mwenyewe, alikuwa atetemeka, na naogopa watasema alikubali.

Nataka twende IPOA, ile mamlaka huru inayopokea malalamiko dhidi ya polisi, wana ofisi hapa Mombasa. Mama hataki, asema msichana ataharibiwa jina. Mimi naona jina la kuharibika ni la yule askari lakini nambari yake hatuna, gari tu ndo twalijua na makanga yuko tayari kusema aliyoyaona...

Sasa wewe uliyekaa na mawakili miaka yote hiyo niambie, mtu akitoa paswadi kwa hofu yahesabiwa ameridhia? Bila nambari ya askari malalamiko yatapokewa? Ataitwa mwenyewe kueleza, au naweza kwenda naye nikakaa pembeni? Na ukija mwisho wa mwezi utalala kwetu? Yeye wewe akusikiliza kuliko mimi. Nipigie hata usiku, simu sizimi.

Wako, yuleyule wa Kisauni