Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Lindi: ezeka paa kwanza, mengine tutaongea

Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mi ndo nimekuzidi basi marahaba naipokea hapohapo tuendelee. Mimi ni mkazi wa Lindi, nimezaliwa Ndoro nikakulia Ndoro, sigombei udiwani wala sina chama kilichonituma. Naandika hapa hadharani kwa sababu barua ya bahasha nilishapeleka, ofisi moja wakasema jengo sio lao niende ofisi ingine, ile ingine wakanirudisha kwa wale wa kwanza, sasa bora tusome wote kwa pamoja.

Ni habari ya lile jumba letu la sinema la zamani pale mjini. Najua unalipita. Mabati ya upande wa nyuma yameoza, kuna mti umeota juu ya ukuta na mizizi imeshaingia kwenye ufa, mlango mkubwa umepigiliwa mbao na chini yake mbuzi ndo wanajikinga jua. Saivi mtaani kuna maneno kwamba litavunjwa zijengwe fremu za maduka. Inawezekana ni maneno ya vijiweni tu, Lindi kwa maneno hatujambo, lakini wewe ndo wa kutuambia kama ni kweli au uongo maana tunakaa tunakisia tu.

Nimeongea na fundi mmoja mzee anayejua majengo ya aina hii, kaniambia kuta zile nene zina miaka mingi mbele, kinacholiua ni maji. Bati likitoboka maji yanaingia kwenye mbao za kenchi, kenchi ikioza inavuta ukuta, na ukuta ukishaanza kulala hapo hakuna tena ukarabati hapo ni kifusi. Umeona Beit al-Ajaib kule Unguja, jengo la Sultani lenye heshima zake dunia nzima, na mafundi walikuwemo humo wanalikarabati, likaporomoka siku ya Krismasi 2020 na watu wawili wakafa. Letu nani atalililia? Kwa hiyo ombi langu kubwa ni paa, liezekwe kabla mvua hazijaanza, hata kwa bati la kawaida. Viti, rangi, mashine, taa za mbele, vyote hivyo visubiri.

Wewe labda ni kijana wa kuja kikazi, acha nikuambie kilichokuwa mle ndani ili ujue unaombwa kuokoa nini.

Sisi hatukusema filamu, tulisema picha. Kuna picha leo? Picha gani? Nani steringi? Na kila mtoto wa Lindi alijua steringi hafi, hata akipigwa na maadui ishirini lazima ainuke, ndo maana ikitokea steringi kafa kweli watu walikuwa wanatoka wamenuna kama wametapeliwa. Picha la Kihindi lilikuwa masaa matatu na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua Kihindi, lakini palikuwa na mjuaji mmoja anakaa mbele anatafsiri kwa sauti, anatunga tu mwenyewe, mama wa steringi anamwambia mwanae sijui nini na jamaa anasema "anamuuliza umekula?", ukumbi mzima unacheka hadi wale wa juu kwenye balkoni. Shangazi yangu na wenzake walikuwa wanaenda na buibui zao, wanakaa safu moja, wanalia nyimbo zikianza, na kesho yake nyimbo zilezile zinaimbwa kisimani kwa maneno ambayo hata Mhindi mwenyewe asingeyatambua.

Mi nilibahatika kwa sababu jirani yetu alikuwa opereta, akanipandisha kwenye kile chumba chake cha nyuma juu. Joto! Mashine mbili kubwa nyeusi zimekaa sambamba, ndani kuna vijiti vya kaboni vinawaka mwanga mweupe ukiuangalia unaumwa macho, na yeye kavaa singlendi tu anatiririka jasho. Mkanda mmoja unaenda kama dakika 20 hivi, picha moja ina mikanda mingi, kwa hiyo mashine moja ikikaribia kumaliza ya pili inatakiwa iwe tayari. Anajuaje? Akanionyesha kwenye kile kitambaa cheupe cha mbele picha inapoonekana, kona ya juu kulia panatokea kidoti cha mviringo, kinapepesa na kupotea, hapo mkono uko kwenye mashine ya pili, kinatokea tena, twaa, anabadilisha na watu chini hawajui kitu. Toka siku ile mi nikikaa chini naangalia kona tu, nimeharibikiwa kabisa. Na akichelewa au mkanda ukikatika, mbinja, miguu inapigwa sakafuni, "opereta umelalaaa!", mpaka mwanga urudi.

Asiyekuwa na hela hakukosa, alihadithiwa. Kesho yake chini ya mwembe yule aliyeingia anasimulia picha nzima na dishum dishum zake na mlio wa farasi na muziki, na mimi naamini wapo waliosimulia vizuri kuliko picha yenyewe ilivyokuwa. Na msimu wa korosho ndo usiseme, hela ipo, watu wanatoka mpaka Mingoyo huko.

Mikanda ilikuwa inatoka Dar. Enzi hizo hakuna Daraja la Mkapa (limefunguliwa 2003), kuna pantoni ya Ndundu pale Rufiji na barabara ya tope, mvua zikinyesha basi linalala njiani na abiria wake wanachemsha chai porini. Picha iliyotangazwa Ijumaa ikifika Jumatano tunashukuru. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanadhani sinema ilikuwa starehe ya Dar na Unguja tu, hapana, ilikuja mpaka huku na ilihangaikiwa.

Ilikufaje? Watu wanapenda kusema video iliua sinema. Video ilimalizia tu. Miaka ya 80 nchi haikuwa na fedha za kigeni, picha mpya hazikuingia, wakawa wanarudia zilezile mpaka mkanda umejaa mikwaruzo picha inanyesha mvua, spea za mashine hamna, viti vikivunjika havitengenezwi. Hapo ndo deki za video zikaingia, mtu anaona picha mpya sebuleni kwa mwenye deki, afu 1994 televisheni zikaanza bara. Ukumbi ukawa wa mikutano, mara ghala, mara hakuna kitu.

Sasa swali la hati. Serikali 1971 ilipitisha sheria ya kuchukua majengo, mengi yaliyokuwa ya Wahindi yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Mengine yalibaki kwa wenyewe, mengine yakarudishwa, mengine sijui yalipitia njia gani. La kwetu liko wapi katika hayo? Hati iko kwa nani? Afisa ardhi wako anaweza kulijibu hili kwa siku moja akifungua jalada, na mimi bila jibu hilo sijui hata nimlilie nani, ndo maana nakulilia wewe mwenye mji.

Usiseme pia sheria ya mambo ya kale italilinda. Sheria ile ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, jengo la juzijuzi kama hili halimo mpaka Waziri alitangaze. Waziri hawezi kulitangaza kama hakuna aliyemwandikia, na barua ya Mkurugenzi ina uzito kuliko yangu mimi wa Ndoro. Afisa utamaduni wako aanze nayo.

Najua kuna watakaosema zahanati hazina dawa huyu anataka sinema. Dawa nazitaka pia, na mimi nina presha. Lakini jengo hili halitakiwi kula hela ya dawa, linatakiwa lijilishe, na nakuonyesha kwa nini naamini linaweza. Nenda usiku wa Simba na Yanga ukapite vibanda umiza vya Mtanda na Rahaleo. Turubai na mabati, viti vya plastiki, hewa hamna, watu wamebanana mpaka wengine wanaangalia kwa masikio, na wamelipa mlangoni. Miaka imeenda watu wanalipa kuangalia picha zilizotafsiriwa na kina Lufufu (Mungu amrehemu) kwenye vibanda hivyohivyo. Wateja tunao, tatizo tumewaweka kwenye banda na ukumbi tumewaachia popo.

Mpira Jumamosi, picha Ijumaa na Jumapili, katikati ya wiki mahafali, taarabu, sindimba, mikutano ya ushirika msimu wa minada. Mashine za kaboni hazihitajiki tena, projekta ya kisasa na spika nzuri zinatosha, zile kuukuu kama bado zipo ziwekwe kwenye varanda watoto wazione. Kuna vijana hapa mjini wanarekodi filamu zao kwa simu, hawana pa kuzionyesha zaidi ya kurusha mtandaoni. Kikundi chao kikisajiliwa vizuri kinaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, kikakodi ukumbi kwenu, manispaa ikapata kodi yake. Leo mtu wa Lindi akitaka kukaa kwenye ukumbi halisi wa sinema apande basi kilomita 450 hivi mpaka Dar. Na wale wageni wa gesi tunaoahidiwa kila mwaka kule Likong'o wakija kweli jioni watafanya nini, wahesabu mawimbi?

Mfano wa karibu upo, tena kwa majirani zetu wa Mtwara ambao huwa hatupendi kuwasifia. Boma la Mjerumani la Mikindani, la 1895, lilikuwa gofu. Likapata watu wa Trade Aid, shirika la hisani la Uingereza, wakalikarabati, likawa hoteli, vijana wa pale wakapata kazi na mafunzo. Sasa sisemi tukaombe Waingereza, nasema tu gofu liliinuka na halikugeuzwa fremu. Fremu tunazo, hebu tembea mjini uhesabu zilizofungwa na kufuli limeshika kutu.

Kwa hiyo Ndugu Mkurugenzi, naomba utamke hadharani kama kuna mpango wa kuvunja au hakuna. Kibali chochote cha kuvunja kisimame mpaka hati ijulikane na wananchi tuitwe tuseme. Injinia wako aingie ndani aandike hali ya paa na kuta, ripoti ibandikwe pale ofisini kwenye ubao. Ule mti ukatwe wiki hii, huo hauhitaji bajeti, unahitaji panga na ngazi, ngazi ninayo mimi. Na bati zikipungua semeni, kuna watu wa Lindi wako Dar na wengine Uarabuni huko, nikiwaambia jumba la picha linaezekwa kuna watakaotoa.

Siku injinia akija nijulishwe, nataka kuingia nae mpaka kile chumba cha opereta, na aje na tochi.

Wako,
Mkazi wa Ndoro, Lindi

Nakala: Diwani wa kata, Afisa Utamaduni wa Manispaa, Afisa Ardhi (yule wa jalada)