Tusililie soko la chai tu, tuwakatae majenerali wote wawili

Mhariri,

Tangu serikali ya Sudan ipige marufuku bidhaa za Kenya mwezi Machi 2025, nimesoma barua nyingi kuhusu chai yetu. Karibu zote zinauliza jambo moja: soko litafunguliwa lini? Mimi ni karani katika godauni la chai hapa Shimanzi, Mombasa. Kazi yangu ni kuhesabu magunia yanayoingia kutoka viwandani na yanayotoka kwenda kwenye kontena baada ya mnada. Sudan ikifunga mlango, wa kwanza kuumia si wenye kampuni, ni vibarua wa kupakia. Leo wanaambiwa rudini kesho, kesho wanaambiwa mtapigiwa simu. Basi mtu asidhani nayasema haya kwa kuwa nimeshiba.

Lakini siafikiani na wanaotaka Nairobi ikambembeleze Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan na wa serikali hiyo, ili chai ipite. Siafikiani vilevile na waliowafungulia watu wa Jenerali Hemedti, mkuu wa wapiganaji wa RSF wanaopigana na jeshi hilo, milango ya KICC, jumba la mikutano la Nairobi. Raia wa Sudan waliwakataa wote wawili zamani, kabla sisi hatujaanza kulalamikia magunia. Sisi wafanyakazi wa mji huu wa bandari tunao uwezo wa kusimama na raia hao kwa vitendo, na mpaka leo hata kwa maneno hatujasimama.

Kabla ya vita alikuwa akija godauni kwetu mzee mmoja wa Kisudani, wakala wa mnunuzi wa Khartoum. Tulimwita Ustadhi. Karatasi hakuziamini. Alitaka gunia lifunguliwe, achote chai kidogo kiganjani, aipumulie, kisha ainuse. Akiridhika husema "tamam," akakaa juu ya paleti tupu na kumwandikia dada yake aliyeko Omdurman. Wiki ile ya Idi, Juni 2019, alikuja na macho mekundu. Akanionyesha simu yake. Jumbe zimepangana toka juu hadi chini, zote zina tiki moja. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. "Mpwa wangu alikuwa pale kambini," akasema, nami sikujua anazungumzia kambi gani.

Nilikuja kuijua. Tarehe 6 Aprili 2019 umati wa Wasudani ulikwenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum. Siku tano baadaye Omar al-Bashir, aliyetawala miaka 30, akaondolewa. Watu hawakuondoka, kwa sababu walioshika nafasi yake walikuwa maafisa wake mwenyewe. Palikuwa na wanafunzi, madaktari, mafundi, na akina mama wauza chai. Alfajiri ya tarehe 3 Juni, mwezi 29 Ramadhani, watu wakiwa bado na daku tumboni, askari wakaingia na kufyatua risasi. Walikufa zaidi ya watu 100. Miili mingine iliopolewa kutoka Mto Nile. Mpwa wa Ustadhi alipatikana baadaye, mguu umevunjika. Dada yake alihesabiwa miongoni mwa waliobahatika.

Hao akina mama wauza chai nataka niwaseme kidogo, maana wanatuhusu. Khartoum chai haikunywewa hotelini tu. Mwanamke hukaa chini ya mti na jiko la makaa, birika, vikombe vya glasi, mnanaa na viungo, na viti vifupi vya wateja vimemzunguka. Wengi wao walikimbia vita vya Darfur na milima ya Nuba, na polisi wa Bashir waliwanyang'anya vyombo kila walipojisikia. Mmoja wao, Awadeya Mahmoud Koko, aliwaunganisha wenzake katika ushirika, na mwaka 2016 Marekani ikamtunuku tuzo ya wanawake wajasiri. Tunapozungumzia "soko la Sudan" ndiyo hao. Kutoka mashamba ya Kericho hadi kikombe kile, mimi ni kituo kimoja njiani.

Baada ya mauaji ya 2019 watu duniani kote waligeuza picha zao za mitandaoni kuwa buluu, rangi aliyoipenda kijana mmoja aliyeuawa siku ile. Ilikuwa heshima nzuri kwa marehemu na ilisaidia habari zitoke wakati intaneti imefungwa. Wasudani wenyewe wakagoma nchi nzima, na tarehe 30 Juni wakajaa barabarani tena. Majenerali wakalazimika kukubali serikali ya ubia na raia, chini ya waziri mkuu Abdalla Hamdok.

Serikali hiyo waliipindua alfajiri ya tarehe 25 Oktoba 2021. Hamdok na mawaziri wake wakakamatwa, madaraja ya Khartoum yakafungwa, intaneti ikazimwa tena. Aliyetangaza mapinduzi ni Burhan. Naibu wake alikuwa nani? Hemedti. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, tena zizi lenyewe walilipora pamoja. Kamati za upinzani za mitaani zikajibu kwa maneno matatu: hakuna mazungumzo, hakuna ubia, hakuna uhalali. Vijana waliandamana wiki baada ya wiki mbele ya bunduki, na zaidi ya 120 wakauawa katika maandamano hayo. Umoja wa Afrika uliisimamisha Sudan uanachama ndani ya siku chache, jambo jema. Sisi huku tuliendelea kupakia.

Tarehe 15 Aprili 2023 mafahali wakageukiana, na vita hiyo imewafukuza makwao zaidi ya watu milioni 12. Ndiyo maana nashindwa kuwaelewa wanaotuambia tuchague upande. Ukimwunga mkono mmoja kwa kuwa ni "jeshi la taifa," umewasahau waliokufa kwenye maandamano. Ukimkaribisha mwenzake kwa kuwa eti anataka mazungumzo, umeisahau Darfur.

Nairobi ilimkaribisha. Januari 2025 Marekani ilitamka kwamba wapiganaji wa RSF, jeshi la Hemedti, wamefanya mauaji ya kimbari. Mwezi uliofuata watu wake na washirika wao walikuwa KICC wakipigiwa makofi, na kabla Februari haijaisha wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali yetu ikasema inatoa jukwaa la mazungumzo. Mazungumzo gani yenye upande mmoja? Wapo Wakenya waliopinga, na wengine ni wanasiasa wenye hesabu zao. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, kisha ikaja marufuku ya bidhaa.

Lakini tazama na mpigaji marufuku. Mwezi uleule wa Machi ndege za jeshi la Burhan zilishambulia soko la Tora, Darfur Kaskazini, zikaua makumi ya raia waliokwenda kununua na kuuza. Sikuona barua hata moja kuhusu soko hilo. Oktoba mwaka huo RSF wakaingia El Fasher baada ya kuuzingira mji kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na Shirika la Afya Duniani likaripoti kuuawa kwa zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliowasindikiza, katika hospitali ya uzazi ya mji huo.

Mtaniuliza: karani wa Shimanzi afanye nini? Swali zuri. Nitajibu kwa meli mbili.

Wa rika langu mnaikumbuka Faina. Maharamia wa Kisomali waliiteka Septemba 2008 ikija Mombasa, imebeba vifaru 33 aina ya T-72. Ilipokombolewa ilitia nanga hapa Februari 2009 na vifaru vikashushwa. Serikali ilisisitiza kwamba ni vya jeshi la Kenya. Karatasi za shehena zilikuwa na herufi zilizoelekeza kwa serikali ya Sudan Kusini, na nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja baadaye zikathibitisha ndiko vilikokusudiwa. Mji mzima uliizungumza meli ile, vibarazani na kwenye matatu, lakini habari ilikuwa maharamia na fidia. Sikusikia chama chochote cha wafanyakazi kikiuliza vifaru vile vinakwenda kumpiga nani.

Miezi kumi hivi kabla ya hapo, Aprili 2008, meli ya Kichina An Yue Jiang ilifika Durban na silaha za Zimbabwe: risasi mamilioni, roketi, mabomu ya mizinga. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Zimbabwe wiki chache nyuma, matokeo ya urais yamekaliwa, wapinzani wanapigwa vijijini. Makuli wa SATAWU, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi cha Afrika Kusini, wakasema hawashushi. Wanasheria na askofu wa Kianglikana wakaenda mahakamani wakapata amri ya kuzuia shehena isipite nchini. Meli ikang'oa nanga. Vyama vya mabaharia na makuli vikapashana habari bandari hadi bandari, na nchi za kusini zikakataa silaha zile zisishushwe kwao. Waliofanya hivyo hawakuwa matajiri kuliko sisi. Walikuwa na mikataba ya vibarua na watoto wa kusomesha.

Wala si jambo la Afrika Kusini peke yake. Jenerali Pinochet alipoipindua serikali ya Chile mwaka 1973, ndege zake zililipua ikulu. Mwaka uliofuata injini za ndege za aina ile zilifika East Kilbride, Uskoti, kufanyiwa matengenezo. Mafundi wa kiwanda walipozitambua wakakataa kuzigusa. Zikakaa nje zikipigwa na mvua miaka minne. Wachile waliokuwa magerezani walisikia, na wengine wamesimulia jinsi habari hiyo ilivyowapa nguvu.

Sisemi kuna silaha bandarini leo. Nasema tutamke mapema, zikija, za upande wowote wa vita ya Sudan, mikono yetu haitazigusa. Si uasi huo. Baraza la Usalama liliweka marufuku ya silaha Darfur tangu 2004. Chama cha makuli, cha madereva wa malori, cha wafanyakazi wa reli na chetu cha maghala vikitoa tamko moja, wakala wa meli atafikiri mara mbili kabla ya kupanga safari. Mji huu uligoma wote Januari 1947, makuli na wafanyakazi wa reli mbele, wakoloni wakashika vichwa. Na Sudan ina mji wake wa reli, Atbara, ambako vyama vya wafanyakazi vina historia ndefu na ndiko maandamano ya Desemba 2018 yalikowaka. Mara mbili, 1964 na 1985, migomo ya Wasudani iliangusha tawala za kijeshi. Hawa si watu wa kuhurumiwa tu. Ni wenzetu wa kazi, na wametutangulia.

La pili ni chakula. Kamati zile za mitaani zilizokuwa zikiandamana ndizo zilizozaa vyumba vya dharura, vikundi vya vijana wa kujitolea wanaopika mitaani katika majiko ya pamoja wanayoyaita takaya. Wanapika maharage na dengu, wanahamisha wagonjwa, wanatengeneza pampu za maji. Pesa nyingi hutoka kwa Wasudani walioko nje, zinatumwa kwa simu kupitia programu ya benki iitwayo Bankak, na mtandao ukikatika sufuria linalala tupu. Pande zote mbili zimewakamata na kuwaua. Mwaka 2025 walipewa Tuzo ya Rafto ya haki za binadamu huko Norway. Kenya wako Wasudani wakimbizi wanaojua pesa ipitie wapi na kwa nani. Tuwaalike kwenye vikao vyetu watueleze wenyewe, badala ya kuwasikia majenerali hotelini.

Najua jibu la baadhi ya wenzangu: sisi wenyewe tumezikwa na shida, vijana wetu walipigwa risasi nje ya Bunge Juni 2024, nani atatubeba? Ni kweli. Ila siku zile Waafrika wa nchi nyingine walipaza sauti kwa ajili yetu, na wengi wao kwao kuna shida kuliko hapa.

Marufuku ya chai itaisha siku moja, wakubwa watapeana mikono na picha itatoka ukurasa wa mbele. Ningependa siku hiyo anayenunua kikombe Omdurman ajue kwamba waliolifunga gunia hawakumnyamazia.

Haya niliyoyaandika nimeyapeleka ofisi ya chama chetu yawekwe kwenye ajenda. Katibu aliyasoma yote, akavua miwani, akaniuliza, "Na chai je, ndugu yangu?" Nikamjibu iwe ajenda ya pili. Hajakataa. Wenzetu wa bandarini na wa reli, nanyi pelekeni kwenye matawi yenu kabla ya kikao cha mwezi ujao.

Karani wa chai,
Shimanzi, Mombasa