Kocha msaidizi si wa kubeba mipira tu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa michezo wa Jumatatu iliyopita ulikuwa na makala kuhusu makocha wa mpira wa wavu wa vyuo. Nimeisoma mara mbili. Mwandishi anadai wanawake hawafiki mbali katika ukocha kwa sababu presha ya fainali huwazidi nguvu. Mimi ni mwanamke, nimefundisha timu za wasichana vyuoni kwa miaka 21, na 14 kati ya hiyo nilikaa benchi kama kocha msaidizi. Naomba nafasi nimjibu. Naona amekuta mlango umefungwa, akaamua kwamba ndani hamna mtu.

Nianze na karatasi ya mpangilio, kwa sababu watazamaji wengi hawaijui. Kabla ya kila seti kocha anakabidhi karatasi ndogo yenye visanduku sita. Katika kila kisanduku kunaandikwa namba ya jezi, kufuata wachezaji watakavyosimama uwanjani. Timu ikianza na sevu (pigo la kuanzisha mchezo), aliye kisanduku cha kwanza, yaani nyuma kulia, ndiye anayepiga. Kila timu inapoirudisha sevu mikononi mwake, wote sita wanasogea nafasi moja, kama mshale wa saa unavyokwenda. Mtu wa timu inayopokea akikutwa nje ya nafasi yake wakati sevu inapigwa, pointi ni ya wapinzani. Ndani ya visanduku hivyo sita ndimo kocha anapimwa. Ukiizungusha orodha hatua moja tu, mshambuliaji wako mkali anakutana wavuni na mzuiaji wao mfupi. Ukikosea, anakabana na mrefu wao seti nzima, na hutajua tatizo limetoka wapi mpaka mmefungwa.

Kwa miaka 14 karatasi hiyo niliijaza mimi. Usiku wa kuamkia mechi nilikaa na daftari langu la wapinzani: nani anapokea sevu kwa shida upande wa kushoto, nani anachoka seti ya nne, seta wao (anayewapandishia washambuliaji mpira) anapenda kumpa nani pasi inapoharibika. Najaza kwa penseli, nafuta, najaza tena, kisha naandika kwa kalamu. Asubuhi kocha mkuu anaisoma, anasema sawa, anatia saini. Alikuwa mtu mwema na alinifundisha mengi, simlaumu kwa lolote. Lakini tukishinda, magazeti yaliandika kwamba kocha amepanga kikosi vizuri, na jina lilikuwa moja.

Kuna msichana mmoja nataka nimtaje bila jina. Alikuja chuoni akiwa na miguu myepesi na akili ya mchezo, lakini vidole vyake vilikuwa vigumu. Kila akiupandisha mpira, ulipiga kelele kama mtu anayegonga mlango. Tulimtaka awe seta, na seta ndiye anayegusa mpira karibu kila shambulizi, kwa hiyo vidole hivyo vilikuwa tatizo la timu nzima. Nilimketisha kwenye kiti, mimi nikasimama mbele yake na kuudondosha mpira juu ya paji lake la uso. Nilimwambia asiusukume, aupokee tu, vidole vyote kumi vikiwa vimefunguka, gumba zikiangalia macho, kisha aushike hivyo hivyo. Mipira 100 ya kupokea na kushika. Kesho yake 100 mingine. Baada ya wiki mbili nikamruhusu auachie kabla haujatulia mikononi. Nilimfundisha asikilize: pasi nzuri ya seta haina sauti. Ilichukua karibu msimu mzima. Siku alipoupandisha mpira wa kwanza usiosikika, alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, umesikia?" Nikamwambia sijasikia kitu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi ya ukocha wa chuo ni hiyo hasa. Msichana anakaa nawe miaka mitatu au minne kisha anaondoka, na unaanza upya na mwenye vidole vigumu mwingine. Fainali ni siku moja.

Katika mwaka wangu wa 11 kocha mkuu aliondoka, nami nikaomba nafasi ile. Chuo sitakitaja. Niliingia kwenye usaili na madaftari yangu tisa ndani ya mfuko. Hakuna aliyeyafungua. Niliulizwa watoto wangu watabaki na nani timu ikisafiri. Niliulizwa kama mume wangu anaafiki. Niliulizwa kama nitaweza kuwa mkali. Kuhusu wavu, sevu, mazoezi, au wasichana 14 waliokuwa wakinisubiri ukumbini, sikuulizwa hata swali moja. Alichukuliwa mwanamume ambaye hakuwa amewahi kufundisha timu ya wasichana. Siku yake ya kwanza kazini alinifuata akaniomba daftari la wapinzani, nami nikampa, kwa sababu mechi ilikuwa Jumamosi na wasichana hawakuwa na kosa. Nilibaki pale miaka mitatu zaidi, ndipo chuo kingine kikanipa timu. Niliiongoza misimu saba na sikuchukua kombe. Hilo nalisema wazi ili mwandishi wako asije akalitumia kama ushahidi wake.

Sasa nije kwenye hizo fainali. Marekani ndiko ukocha wa mpira wa wavu wa vyuo ni ajira kamili kuliko karibu kwingine kote. Agosti 30, 2023, timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilicheza katika uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani mbele ya watazamaji 92,003. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kilianza ubingwa wa mpira wa wavu wa wanawake mwaka 1981. Tangu mwaka huo hadi 2023, katika ngazi ya juu ya chama hicho, hakuna kocha mkuu mwanamke hata mmoja aliyetwaa ubingwa. Ukisimama hapo, unaweza kudhani mwandishi wako ana hoja.

Lakini turudi nyuma kidogo. Kabla ya sheria ya 1972 iitwayo Title IX, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake za vyuo vya Marekani zilifundishwa na wanawake. Sheria ikaleta fedha, fedha zikaleta mishahara, na kazi ilipokuwa na mshahara wa maana wanaume wakaipenda. Siku hizi wanawake hawafiki nusu ya makocha wa timu hizo. Hawakushindwa presha. Idadi yao kwenye viti ilipunguzwa, kisha tukaanza kuhesabu vikombe.

Chukua kocha Mary Wise. Alikabidhiwa timu ya chuo cha Iowa State akiwa na umri wa miaka 21. Baadaye aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Florida kuanzia 1991 hadi alipostaafu mwaka 2025, akiwa na ushindi zaidi ya 1,000. Alifika fainali mwaka 2003 na tena 2017, akapoteza zote mbili. Mtu anayerudi fainali baada ya miaka 14 na timu mpya kabisa, mimi siwezi kumwita mtu aliyezidiwa na presha.

Halafu ikaja Desemba 2024. Timu ya chuo cha Penn State ilikuwa na kocha Katie Schumacher-Cawley, ambaye msimu ukiendelea aligunduliwa ana saratani ya matiti na akawa anatibiwa huku anafundisha. Katika nusu fainali dhidi ya Nebraska walikuwa nyuma seti mbili kwa bila, na katika seti ya nne walikuwa nyuma 22 kwa 16. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni, sikuweza kukaa. Waliichukua seti ile 28 kwa 26, na ya tano 15 kwa 13. Fainali, Desemba 22, walikutana na timu ya Chuo Kikuu cha Louisville ya kocha Dani Busboom Kelly, nyumbani kwa Louisville. Yaani mabenchi yote mawili yaliongozwa na wanawake, na hata kabla ya sevu ya kwanza ilishajulikana kwamba ile miaka yote bila kocha bingwa mwanamke inafikia kikomo. Penn State walishinda seti tatu kwa moja.

Na hapa ndipo ninapotaka mwandishi wako aangalie kwa makini, maana hawa wawili hawakushuka kutoka mbinguni. Schumacher-Cawley alicheza chini ya Russ Rose, aliyeifundisha Penn State misimu 43 na kuchukua ubingwa mara saba, mara ya kwanza mwaka 1999, Schumacher-Cawley akiwa uwanjani kama mchezaji. Baadaye akaenda kuwa kocha mkuu kwingine, akarudi kuwa msaidizi wa Rose, na Rose alipostaafu akapewa timu. Busboom Kelly alikuwa bingwa wa 2006 akiwa mchezaji wa John Cook pale Nebraska, akawa msaidizi wake katika ubingwa wa 2015, akaijenga Louisville, na Cook alipostaafu mapema 2025 Nebraska ikamwita. Kwao benchi la msaidizi lilikuwa na njia ya kutokea mbele. Wanaume wawili waliowatangulia walikuwa makocha wakubwa, na sehemu ya ukubwa wao ni kwamba vyuo vyao viliwajua waliokaa pembeni yao.

Ninachoomba kwa vyuo ni kitu kidogo. Nafasi ya kocha mkuu ikiwa wazi, msaidizi aulizwe maswali ya mpira wa wavu, na waombaji wote waulizwe yale yale. Kama suala ni watoto, basi na wanaume waulizwe nani anabaki na wa kwao. Na makocha wakuu wenzangu, mpeni msaidizi wenu mapumziko mamoja katika kila seti aongee yeye. Ni sekunde 30 tu, na ndizo zitakazomfundisha kuongea sekunde 30 za fainali.

Kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, naomba matokeo ya mechi za vyuo yabebe jina la kocha msaidizi chini ya jina la kocha mkuu. Ni mstari mmoja. Na mwandishi wako namkaribisha. Mechi yoyote ya vyuo atakayopangiwa, asikae jukwaa la waandishi, aje tukae nyuma ya benchi. Aje na kalamu, aandike nani anaijaza ile karatasi na nani anaitia saini. Madaftari yangu ninayo bado, nitakuja nayo.

Msomaji wako,
Kocha mstaafu wa mpira wa wavu wa chuo