Skuta iliyoongezwa nguvu haiwaki: anza na plagi, jeti kubwa iache kwanza

Skuta ya mipigo miwili, yaani tustroki, ikiwa bado kama ilivyotoka kiwandani huwa haina makuu. Ikigoma, mara nyingi ni plagi, petroli au uchafu. Mambo hubadilika ukishafunga silinda ya cc 70 mahali pa 50, kabureta ya milimita 19 au 21, eksozi ya kasi na CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru moto wa plagi) isiyo na kizuizi cha kasi. Hapo kuna viungio vipya, waya zilizoguswa na gasketi zilizofunguliwa, na kila kimoja kinaweza kuizuia injini isiwake.

Kosa tunaloomba wateja wetu waliache ni la kukimbilia kubadilisha jeti kubwa. Jeti hiyo, yaani kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, hutawala mafuta kuanzia kama robo tatu ya mkono wa mafuta hadi mwisho. Unapopiga kiki, mafuta yanapita kwenye choki (njia ya mafuta ya ziada ya kuwashia injini baridi) na kwenye jeti ndogo ya sailensa, yaani ya injini kunguruma bila kuzungusha mkono wa mafuta. Unaweza kujaribu jeti kubwa kumi na skuta isiwake hata mara moja, na mwisho hujui tena ulianzia namba gani.

Piga kiki kama mara kumi choki ikiwa wazi, kisha fungua plagi na uitazame papo hapo. Je, imelowa au ni kavu? Jibu hilo ndilo linaloonyesha upande wa kutafuta.

Plagi imelowa

Mafuta yanafika. Pima moto. Rudisha plagi kwenye kofia yake, igusishe chuma kisicho na rangi kwenye injini, mbali na tundu la plagi kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kushika moto, halafu piga kiki. Unatafuta cheche ya bluu inayolia "tak". Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa ni dhaifu. Ikiminywa na kompresheni ndani ya silinda inaweza kuzimika kabisa.

Kama hakuna moto, jaribu plagi mpya kabla ya kununua kitu kingine chochote. Skuta nyingi za cc 50 hutumia NGK BR8HS yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Silinda kubwa zaidi mara nyingi hutaka BR9HS, ambayo ni baridi zaidi (hutoa joto nje haraka), kwani kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi. Angalia pia urefu wa uzi: HS ni milimita 12.7, ES ni milimita 19. Ukifunga ndefu kwenye hedi ya fupi, pistoni itaigonga.

Plagi mpya nayo haitoi moto? Chomoa kwenye CDI waya wa kuzimia unaotoka kwenye swichi ya funguo, kisha jaribu tena. Katika CDI nyingi zinazolishwa na koili ya magneti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme kwenye injini), waya huo huzima injini kwa kugusa bodi. Moto ukirudi, tatizo ni swichi au waya uliochubuka. Ubaya ni kwamba CDI zinazolishwa na magneti na zile zinazolishwa na betri zinaweza kufanana kwa umbo na hata kwa soketi. Ukizichanganya hupati moto, hata zote mbili ziwe nzima. Washa funguo na upime kwa multimita: CDI ya betri lazima ipate volti 12 kwenye waya wake wa kuingizia umeme.

Moto upo na plagi imelowa, lakini bado haiwaki? Mara nyingi injini imezama. Katika tustroki petroli iliyozidi hukaa kwenye chumba cha krenki, chini ya pistoni, na haina pa kutokea. Funga mafuta, toa plagi, igusishe kwenye bodi mbali na tundu lake ili CDI isidhurike, fungua mkono wa mafuta wote na upige kiki mara 15 hadi 20. Funga plagi kavu na ujaribu bila choki. Ikizama tena, boya au sindano yake haizuii mafuta. Au diaframu ya koki ya mafuta imepasuka, na petroli inanyonywa moja kwa moja kupitia mpira wa vakyumu. Chomoa mpira huo kwenye koki: ukikuta petroli ndani, koki imekufa.

Plagi ni kavu

Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta. Lisipotoka tone, rudi nyuma kwenye koki. Koki ya vakyumu hufunguka pale tu injini inapovuta hewa kupitia mpira mwembamba uliounganishwa na manifoldi, bomba linaloshika kabureta kwenye injini. Manifoldi kubwa zinazouzwa pamoja na kabureta kubwa mara nyingi hazina tundu la mpira huo, au linakuja limezibwa, hivyo koki haifunguki kamwe. Kuhakikisha, vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa vakyumu: petroli ikianza kutiririka, koki ni nzima na inachokosa ni vakyumu.

Bakuli likiwa limejaa na plagi bado kavu, tazama choki. Kabureta kubwa ina koo pana, kwa hiyo hewa hupita polepole unapopiga kiki na mvuto wake ni dhaifu. Ndiyo maana inategemea choki kuliko ile ndogo. Kumbuka pia kwamba choki hufanya kazi mkono wa mafuta ukiwa umefungwa. Ukiuzungusha huku unapiga kiki unaua mvuto uleule unaouhitaji. Choki ya umeme ijaribu kwa kuipa volti 12 nje ya kabureta: ndani ya dakika 5 hivi iwe na joto na pini yake iwe imetoka nje milimita kadhaa. Isipotoka, choki haifungi, na utaona dalili inayowachanganya wengi: skuta inawaka ikiwa baridi na kugoma ikiwa moto.

Jeti ya sailensa ishike mbele ya mwanga. Tundu lake ni dogo kuliko unavyodhani na lazima lionekane la duara kamili. Lisafishe kwa dawa ya kabureta na hewa ya pampu, si kwa waya, kwa sababu waya hulipanua. Skrubu ya hewa ianzie mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokaza. Wakati wa kurudisha slaidi (kizibo cha kabureta kinachovutwa na mkono wa mafuta), sehemu iliyokatwa mshazari itazame upande wa chujio. Ikigeuzwa, kabureta nzima inachanganyikiwa.

Mwisho ni ridi, vile vijani vyembamba vinavyoingiza mchanganyiko na kuuzuia kurudi. Vikiacha mwanya mkubwa unaoona mwanga ukipita, au vimemeguka pembeni, mafuta hurudi kwenye kabureta badala ya kupanda kwenye silinda.

Kila kitu kipo, inapiga tu mshindo

Moto mzuri, mafuta yapo, lakini inarudisha kiki au inalipuka kwenye kabureta. Hapa shuku kii ya magneti, kile kipande kidogo cha chuma kati ya magneti na shafti, hasa kama magneti ilifunguliwa karibuni. Wengi hudhani kii ndiyo inayoshika magneti. Sivyo. Kinachoishika ni ule mkao wa koni wa shafti. Kii huelekeza tu. Koni ikiwa na oili au nati ikiwa imelegea, magneti huteleza na kii hukatika nusu. Kwenye shafti yenye kipenyo cha milimita 12, kuteleza milimita 1 ni sawa na kupoteza digrii 9 hadi 10 za wakati wa moto, na hizo zinatosha kabisa kuigomesha injini. Futa koni hadi ikauke, weka kii mpya na ukaze nati kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kompresheni ipime kwa geji, mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa, kiki 6 hadi 8. Chini ya baa 6 injini huwaka kwa taabu au haiwaki. Silinda mpya ikisoma chini, angalia kama ncha za ringi zimekaa kwenye pini zake na kama mshale wa pistoni unaelekea eksozi.

Hewa inayoingia kinyemela ni hatari zaidi ya kutowaka. Tustroki inayovuta hewa kwenye gasketi ya chini, manifoldi au sili za krenki ikifanikiwa kuwaka, huenda na mafuta machache na kuyeyusha pistoni. Ziba mdomo wa kuingizia na wa eksozi, jaza hewa baa 0.4 hadi 0.5 kwa pampu ndogo ya mkono, pakaza maji ya sabuni na utazame povu. Shinikizo lidumu dakika kadhaa. Usitumie kompresa, husukuma sili nje.

Kwa aliyetoa pampu ya oili: changanya mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli kupata asilimia 2, au 40 kupata asilimia 4, kadiri mtengenezaji wa silinda anavyotaka. Pima kwa chombo, usikadirie kwa macho. Na kama pampu bado inafanya kazi huku unachanganya pia kwenye tangi, plagi zitalowa oili kila baada ya siku chache.

Ukiamua kutuletea skuta, acha plagi ilivyo, usiisafishe. Njoo na kabureta au CDI uliyoitoa, na utuandikie namba za jeti zilizomo pamoja na kitu cha mwisho kufunguliwa kabla haijagoma. Hapo ndipo tutakapoanzia.