Kabla ya mechi ya Jumamosi: tuangalie sheria kwa jicho la refa

Habari za jioni wanakikapu,

Jumamosi refa atakuwa uwanjani saa moja na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya mechi. Naomba tuwahi, maana mabishano ya wiki jana yalikula muda mwingi.

Kelele kubwa ilikuwa "ametembea!", yaani amepiga hatua nyingi mno na mpira mkononi bila kudunda. Jamani, refa anaangalia miguu kwanza: mpira umedhibitiwa lini, na mguu upi ulikuwa chini wakati huo? Tangu 2017, kwa sheria za FIBA (shirikisho la kikapu duniani), mchezaji akidaka mpira au akimaliza kudunda huku yuko mbioni, mguu uliokuwa chini pale alipoudhibiti hauhesabiwi. Baada ya hapo ana hatua mbili. Kwa hiyo nyie benchi mnahesabu tatu, na filimbi kimya. Refa yuko sahihi.

Kwenye kugongana, anamtazama mlinzi. Kama alishamkabili mwenye mpira, miguu yote miwili chini, akawahi nafasi yake, akigongwa kifuani kosa ni la mshambuliaji. Mlinzi halazimiki kuganda kama nguzo. Anaweza kurudi nyuma au kusogea pembeni. (Hili hata makocha hulisahau, samahani Kocha.)

Faulo za timu zikifika nne ndani ya robo, inayofuata ya ulinzi ni mitupo huru miwili.

Anayeongea na refa ni nahodha tu, kwa adabu, mpira na saa vikiwa vimesimama. Wengine maswali yenu yaleteni hapa kabla ya Ijumaa usiku, nitamfikishia.