Vita havikuishia Kampala

Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako nikameza mate nikanyamaza. Ila ile habari yenu ya Siku ya Mashujaa, yenye picha ya kifaru mliyoiita "gari la deraya", imenishinda. Mmeandika kwamba Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilimalizika 11 Aprili 1979, Kampala ilipotekwa.

Vilimalizika kwa nani? Kaka yangu alikuwa luteni wa vifaru. Kabla ya jeshi aliendesha trekta, na akipenda kusema kazi ni ile ile, ila trekta halirushiwi makombora. Alivuka Mto Kagera kwa daraja la muda pale Kyaka, maana lile la zamani askari wa Amin walikwisha kulilipua. Machi akapita Lukaya, barabara inapokatiza kinamasi na kifaru hakina pa kukwepea, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wako mbele. Kampala aliingia mzima. Barua yake ya mwisho iliomba soksi. Akafa Mei, njia ya Lira, kaskazini mwa Uganda, kichwa nje ya kifaru kama ilivyo kawaida ya maofisa wa vifaru, kwani ukijifungia ndani huoni kitu. Wenzake walifika mpaka wa Sudan Jumapili, 3 Juni. Hesabuni: siku 53 baada ya vita "kumalizika". Hao waliokufa humo katikati walikuwa matembezini?

Mwaka juzi nilikwenda ofisi moja kufuatilia jalada lake. Kijana wa kaunta akaitazama tarehe, akatabasamu: "Mzee wangu, vita viliisha Aprili. Huyu labda alipata ajali." Sikugombana naye. Kayasoma wapi kama si kwenu?

Na ofisi zenyewe! Kila karatasi vivuli vitatu, mashine yao mbovu tangu enzi, na duka la vivuli liko hatua kumi nje ya geti. La nani, sisemi.

Sitaki masahihisho ya mistari miwili chini ya matangazo ya viwanja. Ile kalenda mnayogawa kila Desemba, chapeni 3 Juni kwa wino mwekundu, kisha ipelekeni kwenye kaunta ile. Wakidai vivuli vitatu, nitalipa mimi.

Mdogo wa marehemu,
Muleba